Yusufu Alikuwa Mgeni Misri

Masomo: Mwanzo 41:33-40, Kutoka 21:33-34, Kumbukumbu la Torati 23:12-14

 

Neno la mwezi huu si neno la kufurahisha, na kwanza lilituchoma sisi wenyewe tunaoliandika. Kwa hiyo tunaomba mlisome mpaka mwisho kabla ya kutuhukumu.

Wengi wenu mnakumbuka mvua za Aprili 2024. Sisi tunaokaa bondeni upande wa Katwe tulizijua vizuri. Kampala imejengwa juu ya vilima, na kila mgeni huambiwa hivyo siku ya kwanza. Hawamwambii kwamba kodi ya bei nafuu iko katikati ya vilima, kule chini ambako maji yote ya mji hukutana. Mkimbizi anayefika akiwa na mfuko mmoja na watoto wanne hatafuti kilima, anatafuta muzigo anaoweza kuulipia mwisho wa mwezi. Ndivyo tulivyojikuta sote bondeni.

Katika kiwanja tunachokodi kwa ajili ya ibada kuna choo kimoja cha shimo. Kinatumiwa na kanisa siku ya Jumapili na siku za maombi, na familia za jirani siku zote. Kilikuwa kimejaa tangu Februari. Kunyonya choo ni pesa, na sanduku la kanisa mnalijua. Tukasema tutangoja. Usiku mmoja mvua ikanyesha sana, na mtu akatoa matofali mawili upande wa nyuma wa shimo. Maji ya mvua yakabeba yote yakayapeleka mtaroni. Hatutasema ni nani aliyetoa matofali yale, kwa maana sisi wazee wa kanisa tulijua kwamba litafanyika na hatukukataza. Asubuhi choo kilikuwa chepesi. Tena mmoja wetu akasema, Bwana ameona shida yetu. Wengine tukaitika Amina.

Mtaro ule hauishii kwetu. Unashuka na kupita mlangoni pa jjajja mmoja Mganda anayeuza ndizi, na usiku ule ulifurika ukaingia ndani mwake. Kabla juma halijaisha mjukuu wake alikuwa amelazwa kwa kuhara, na wauguzi walimtia maji ya mshipa siku tatu. Huyo alirudi nyumbani. Lakini chini kidogo ya jjajja alikaa dada yetu mmoja, wa kwaya yetu, pamoja na mtoto wake wa miezi minane. Mtoto alipoanza kuhara na kutapika, mama yake alimleta wapi? Alimleta kanisani, usiku wa mkesha. Tukamweka katikati. Tukaomba kutoka saa nne ya usiku mpaka karibu na mapambazuko, tukakemea, tukaimba, na mama mmoja akasema ni meno ya plastiki, atafutwe mtu wa kuyang'oa. Katika watu wote waliokuwa pale, wachungaji, wazee, mashemasi, hakuna hata mmoja aliyemtia mtoto yule kijiko cha maji mdomoni. Kulipokucha tukampeleka hospitali kwa boda boda. Tulimzika kesho yake.

Je, ni choo chetu? Hakuna aliyepima maji yale, na bonde letu lina vyoo vingi vilivyofunguliwa usiku ule. Daktari hakututaja, wala mama wa mtoto hakututaja. Lakini tangu siku ile, kila tukisoma Kutoka 21 mistari ya 33 na 34, tunasimama pale. Sheria ya Musa inasema juu ya mtu aliyefukua shimo na kuliacha wazi, na mnyama wa mwenzake akatumbukia. Haiulizi kama alikusudia ubaya, wala kama ni yeye aliyemsukuma ng'ombe. Inasema mwenye shimo atalipa. Ikiwa Mungu alijali ng'ombe wa jirani kiasi hicho, atasema nini juu ya mtoto wa jirani?

Sasa kuna maneno mawili ambayo tumezoea kuyasema mafuriko yakija, na yote mawili yametusaidia kukwepa.

La kwanza ni kwamba mvua hizi ni dalili za siku za mwisho. Hatukatai kwamba Bwana Yesu alizungumza juu ya taabu zitakazoipata dunia. Tunahubiri hayo. Lakini endelea kusoma Mathayo 24 mpaka kwenye habari ya mtumwa mwaminifu, mstari wa 45 na kuendelea. Bwana wake anaporudi anamkuta akifanya nini? Anamkuta akigawa chakula cha nyumba kwa wakati wake. Hakumkuta juu ya paa akihesabu mawingu. Mtu anayeamini kweli kwamba Bwana yu karibu ataziba shimo lake leo.

Neno la pili ni kwamba mvua ni mvua, imenyesha tangu baba zetu. Hapa tuongee kidogo kwa kirefu, kwa sababu wengi wenu ni wakulima, mnajua majira kuliko sisi. Mzee aliyelima Masisi au Fizi alijua juma la kupanda bila redio. Leo mzee huyo huyo akiwa Rwamwanja anapanda mara mbili, kwa maana mvua ya kwanza imemdanganya. Waliosomea hali ya hewa wanaeleza hivi: moshi wa viwanda, magari na misitu inayochomwa umeifunika dunia kama blanketi, na dunia imepata joto zaidi ya digrii 1 kuliko wakati wa mababu wa babu zetu. Hewa yenye joto hushika maji mengi zaidi, karibu asilimia 7 zaidi kwa kila digrii moja. Maji hayo yakiachiwa, huachiwa kwa nguvu. Ndiyo maana tunapata jua refu, kisha mvua ya siku moja inayobomoa. Barafu ya Ruwenzori, ambayo wengine wenu mliiona mkiwa watoto upande wa Beni, imekuwa ikipungua tangu ilipopimwa na wapanda milima mwaka 1906. Mwezi wa Mei 2020 Ziwa Viktoria lilipanda pale Jinja mpaka mita 13.42, likapita alama ya 1964, na watu wa Ggaba na Munyonyo wakaona maji yakiingia majumbani. Tarehe 4 Mei 2023, siku ya soko, Bushushu na Nyamukubi kule Kalehe zilisombwa na maji na matope, wakafa watu zaidi ya 400. Baadhi yetu tulisoma majina ya ndugu zetu kwenye simu tukiwa hapa Katwe. Na tarehe 10 Agosti 2024, baada ya mvua kubwa, mlima wa takataka wa Kiteezi uliporomoka juu ya nyumba, ukaua zaidi ya watu 30.

Hatusemi kila mafuriko yamesababishwa na hewa iliyochafuka. Kalehe ina milima mikali iliyokatwa miti, na watu wamesukumwa na vita kujenga kando ya mito. Kiteezi ilirundikwa takataka tangu 1996. Mwanadamu huandaa msiba, kisha mvua inakuja kuumaliza. Mvua kubwa haiui watu kwa kuwazamisha tu. Inaua pia katika majuma yanayofuata, polepole, kwa tumbo na kwa homa, na ndipo mikono yetu inapoingia katika habari hii.

Wazee wa Kampala wanakumbuka mvua za El Niño za mwisho wa 1997. Kipindupindu kiliingia mjini Desemba mwaka ule, na maelfu wakaugua. Waliochota kwenye chemchemi za bondeni, chini ya vyoo, walipata taabu kuliko waliotumia maji ya bomba. Katika miezi ile ile malaria ililipuka Kabale, nchi ya baridi ambako watu hawakuizoea. Ninyi wa Kyangwali hamhitaji kuambiwa. Februari 2018, ndugu zetu wa Ituri walipokuwa wakivuka Ziwa Albert kwa mitumbwi, kipindupindu kiliwapokea ng'ambo. Waliugua zaidi ya 2,000 na kufa zaidi ya 40, baada ya kuokoka na mapanga. Kuokoka na panga kisha kufa kwa kikombe cha maji! Tunalia tukiandika neno hili.

Basi tumtazame Yusufu. Tumemhubiri mara nyingi sana kama kijana wa ndoto na wa kanzu, kijana aliyepandishwa cheo. Vijana wetu wanampenda kwa sababu alitoka gerezani akaingia ikulu, na kila mkimbizi anangoja ikulu yake, iwe Kanada au Australia. Lakini angalieni alikuwa nani. Aliondolewa kwao kwa nguvu. Aliuzwa, akavushwa mpaka bila kuulizwa. Alisingiziwa katika nchi ya ugeni, na lugha ya wenyeji alijifunza ukubwani. Misri haikuwa nchi yake wala Farao hakuwa mfalme wake. Kama kuna mtu aliyekuwa na haki ya kusema njaa hii ni ya kwao, si yangu, ni Yusufu.

Na njaa yenyewe hakuizuia. Tazameni hilo, kwa maana sisi watu wa maombi hulipita mbio. Mungu alimwonyesha miaka saba mibaya inakuja, na Yusufu hakufunga ili isije. Alimwambia Farao atafute mtu mwenye akili, aweke wasimamizi, akusanye moja ya tano ya mavuno ya miaka mizuri, na aitunze mijini. Hesabu, maghala, funguo. Roho wa Mungu alimpa ndoto, na Roho huyo huyo akampa hesabu. Farao aliyakubali yote mawili kama kazi ya Roho mmoja, soma mstari wa 38. (Tunajua kwamba sura ya 47 ina maswali magumu, jinsi Wamisri walivyoishia kuuza mashamba yao na kuwa watumwa wa Farao. Hatulifichi. Tutalifundisha siku nyingine.) Leo tuone hili tu: nchi ya wenyeji iliponywa kwa maandalizi ya mgeni, na katika maandalizi hayo mgeni akapata chakula cha baba yake na ndugu zake walipofika.

Dada mmoja alituuliza darasani: Mchungaji, nikizibua mtaro wa hapa, si nimekubali kwamba hapa ni kwetu? Faili yangu ya kuondoka itakuwaje? Swali hilo si la kuchekwa. Tumeishi katika kungoja mpaka kungoja kumekuwa kama kazi. Lakini Yusufu aliishi Misri miaka yake yote na kuitumikia, na alipokufa aliapisha watu kwamba mifupa yake itabebwa kurudi nchi ya baba zake. Moyo wake haukusahau kwao hata siku moja, na mikono yake haikungoja. Faili yako, dada, inaweza kukaa ofisini miaka kumi. Mbu hukua kwa siku kama kumi.

Tulifanya nini sisi? Kwanza tulikaa kimya muda mrefu, na hilo nalo ni dhambi tunaloliungama. Mwishowe wazee watatu pamoja na mama wa akina mama tulikwenda kwa jjajja. Kiganda chetu ni kibovu, na Kiswahili masikioni mwa wazee wengi wa hapa bado kina harufu ya askari wa zamani, kwa hiyo tulikwenda na kijana anayesoma shule hapa atufasirie. Mama wa akina mama alipiga magoti kwa desturi ya Buganda. Tukasema yote: choo, matofali, usiku ule. Tulidhani atapiga kelele mtaa mzima usikie. Alitutazama tu, akasema, "Tulijua. Tulikuwa tunangoja kuona kama watu wa kanisa nao wanajua." Kisha akauliza habari za mama aliyefiwa, maana walikuwa wakichota maji pamoja, na sisi hatukujua kwamba ni marafiki.

Kwa dada yetu wa kwaya tulikwenda pia. Yale tuliyosema huko na aliyoyajibu hatuyaandiki hapa.

Baada ya hapo kanisa lilikaa na majirani pamoja na mwenyekiti wa LC1, Wakongo, Warundi, Waganda. Yaliyofuata si makubwa, lakini tunayaeleza kwa sababu kila kanisa linaweza kuyafanya.

Tulichanga nyumba kwa nyumba, tukaita vijana wenye pampu ya mkono wanaoingia mahali ambapo lori halipiti. Wanatoa kinyesi kwenye mapipa na kukipeleka mtamboni Lubigi, uliojengwa na kufunguliwa mwaka 2014 kwa kazi hiyo. Mwenye nyumba alikataa kwanza, akakubali alipoona wapangaji wake wote wanasema neno moja. Tulijenga kingo za shimo kwa saruji na kuinua mlango wa choo juu ya alama ya mafuriko. Musa aliwaambia Waisraeli, wakimbizi jangwani, kila mtu awe na kifaa cha kuchimbia na kufukia uchafu wake nje ya kambi, na sababu aliyoitoa ni kwamba Mungu mwenyewe hutembea katikati ya kambi. Tulipokuwa chuo cha Biblia tulikuwa tunacheka mstari huo. Hatucheki tena.

Mtaro tulikuta umejaa buveera, chupa na nguo kuukuu. Zilizotoka kwetu tulizitambua, zilikuwa na mabaki ya vitenge ambavyo akina mama wetu hushona. Kabla ya majira ya mvua, yaani mwisho wa Februari na mwisho wa Agosti, tunazibua kutoka juu mpaka chini. Neno "chini" ni la muhimu. Mtu akizibua mbele ya mlango wake tu, amempelekea wa chini mafuriko kwa haraka zaidi. Tena maji ya katikati ya mji, ya Kisenyi na Namuwongo, hushuka kwa mfereji wa Nakivubo, hupita bwawani na kuingia ziwani kwenye ghuba ile ile ambako mtambo wa Ggaba huvuta maji ya kunywa ya Kampala. Bwawa lile la mafunjo lilikuwa likichuja uchafu bure, na watu wamelilima na kulijenga. Tulichotupa juu tunakunywa chini, au tunalipia dawa za kukisafisha.

Juu ya maji ya kunywa: chemsha mpaka yatokote vizuri, hata kama yanaonekana meupe. Tunajua bei ya makaa. Kama hakuna makaa, weka maji yasiyo na tope katika chupa safi ya plastiki inayopitisha mwanga, ilaze juu ya bati juani saa sita kamili. Kama kuna mawingu, siku mbili. Hilo limechunguzwa na linaua vijidudu. Jerikeni ioshwe ndani, na kikombe cha kuchotea kisiguswe na kila mkono.

Juu ya mtoto anayehara, mama zetu, likateni fungu hili mlibandike ukutani. Anayeua ni ukavu, mwili kupoteza maji na chumvi. Kuanzia mharo wa kwanza, usingoje mchungaji, anza kunywesha. Pakiti za ORS hutolewa katika vituo vya afya vya serikali, na mkimbizi hupokelewa pale kama mwenyeji. Ikikosekana, lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi. Usizidishe chumvi. Kijiko kwa kijiko. Akitapika ngoja dakika kumi, uanze tena polepole. Ziwa la mama lisikatishwe. Kituo kitampa na vidonge vya zinki, mpe mpaka viishe hata kama amepona. Macho yakizama, ngozi ya tumbo ukiifinya isirudi upesi, akilegea au akishindwa kunywa, au ukiona damu, mbio kituoni saa hiyo hiyo, hata usiku. Kipindupindu kikali kinaweza kumwua mtu mzima kwa saa chache. Wakitibiwa mapema, hafi hata mmoja katika mia. Na yule anayeng'oa "meno ya plastiki" msimruhusu aguse mtoto. Hayo si meno ya ugonjwa, ni meno ya mtoto yaliyo bado ndani ya ufizi, na kisu chake kinaleta damu na uchafu mwingine.

Tunajua mtu atauliza, je, tusiombe tena? Tuombe. Mkesha wetu bado upo Ijumaa. Ila sasa pakiti za ORS na chupa ya maji safi vinakaa mezani karibu na Biblia, na shemasi mmoja wa zamu ana nauli ya boda boda mfukoni. Mtoto akiletwa, wengine wanaomba na mmoja ananywesha, na wa tatu anakwenda na mama. Elisha pale Yeriko, 2 Wafalme 2, alipoambiwa maji ya mji ni mabaya hakuomba akiwa amekaa. Aliomba chombo kipya na chumvi, akaenda mpaka kwenye chemchemi yenyewe. Mji wenyewe haukuwa wake.

Malaria tutaisema kwa ufupi. Mbu wake hupenda maji ya mvua yaliyotulia, madimbwi, mashimo ya kufyatulia matofali. Ukimwaga na kufukia mara moja kila juma, umemkatiza kabla hajapata mabawa. Ninyi mliotoka nchi za juu, Minembwe, Masisi, milima ya Kalehe, miili yenu haikuzoea malaria kama watu wa bondeni, na watoto wenu zaidi. Homa ipimwe siku ile ile. Chandarua si cha kufugia kuku wala cha kuvulia samaki, tumeona hayo yote mawili.

Na joto. Chini ya bati wakati wa jua la Januari na Februari, wazee wenye shinikizo la damu, wenye mimba na wachanga huumia kimya kimya. Tumeomba watoto wa Sunday school kila mmoja awe na mzee wake wa kupelekea maji ya kunywa baada ya shule. Wanapenda kazi hiyo kuliko kukariri mistari, tusiwalaumu.

Tusiwadanganye, kazi hii bado ni dhaifu. Mvua za majira yaliyofuata, mtaro ulifurika tena, kwa sababu mitaa ya juu yetu hawakuzibua. Vijana wetu wawili waliotumwa kuongea nao walifukuzwa na kuambiwa wakimbizi warudi kwao. Walirudi na hasira, na tuliwaelewa. Jjajja ndiye aliyekwenda safari ya pili, na fimbo yake, na hatukufasiriwa yote aliyowaambia. Sasa wanakuja watu wanne au watano kutoka juu.

Basi tangazo ni hili. Jumamosi ya mwisho ya Agosti tutakutana kiwanjani saa moja ya asubuhi, kabla jua halijakuwa kali. Mwenye jembe, koleo au reki aje nalo. Vaa viatu vya mpira, na kama huna, funga miguu kwa mifuko, mtu asiingie mtaroni miguu mitupu. Mwenye kidonda akae kwenye kupika. Watoto wadogo wabaki nyumbani. Akina mama wa Kiganda watapika matooke, sisi tutaleta maharage na sombe. Baada ya kazi kila mtu atanawa kwa sabuni kwenye pipa lililo mlangoni, kisha tutaomba pamoja katika lugha zote, na dada yetu wa kwaya amesema mwaka huu ndiye atakayeanzisha wimbo.